Matete ya lambo tuyaache: kwenye majani ingia na ndoano, usiingie na neti



Wiki iliyopita nilikuwa kijiweni nasubiri bodaboda, kijana mmoja akanifuata na simu mkononi. "Bwana shamba, hebu muone huyu." Kwenye simu kulikuwa na video ya Mzungu amesimama kwenye boti ndogo, anarusha ndoano pembeni ya majani yaliyoota majini. Mara maji yakatibuka, akavuta samaki wa rangi ya kijani mwenye mdomo ambao ngumi yangu ingeingia yote. Kijana akaniuliza, "Vifaranga vya huyu tunavipata wapi? Tuvimwage kwenye lambo letu, tuachane na hivi viperege vya kidole."

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu bodaboda ilishafika, lakini swali lake limenikaa kichwani wiki nzima. Na kwa vile mwezi ujao kuna mkutano wa kijiji wa kuamua habari ya kufyeka matete ya lambo, nimeona niandike kabisa, nisiseme njiani.

Kwanza niweke maneno sawa. Nikisema bwawa, nina maana ya lile la kufugia samaki ulilochimba kwenye shamba lako. Nikisema lambo, nina maana ya lile la jumuiya, ambalo ng'ombe wanakunywa, akina mama wanachota maji ya kumwagilia na watoto wanavua. Mambo mengi tunayoyakosea yanatokana na kuvichanganya hivi viwili, na mimi mwenyewe nilishavichanganya. Nitafika huko.

Sasa yule samaki. Kwao Marekani wanamwita largemouth bass, mimi humu nitamwita besi. Ni samaki mla samaki. Tofauti yake na wawindaji wengine ni kwamba hapendi kukimbiza. Anakaa kwenye maji mafupi, amejibanza kwenye majani, kwenye gogo lililozama au chini ya kivuli cha mayungiyungi, kimya kama paka kwenye ghala la mahindi. Kisamaki kikipita, au chura, au panzi aliyeanguka majini, anafungua lile domo mara moja na habari imeisha. Ndiyo maana wavuvi wake hawahangaiki na maji meupe ya katikati. Wanatafuta mahali palipo na kificho, wanadondosha chambo sentimita chache kutoka kwenye majani, na wanatumia mshipi mgumu ili wamtoe haraka kabla hajajizungusha kwenye mashina.

Hapa jirani yupo, Ziwa Naivasha, Kenya. Alipelekwa pale mwaka 1929 kutoka Marekani, enzi za mkoloni, kwa ajili ya watu waliokuwa wanavua kwa starehe. Ziwa lile kwa asili lilikuwa na kisamaki kimoja tu, kidogo sana, wale wa kuishi kwenye majani ya ukingoni. Kisamaki hicho leo hakipo. Kilipotea kabisa miaka ya 1960, na besi anatajwa kwenye kesi hiyo. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa maji baridi, nao asili yao ni Marekani. Wale kamba wakala majani ya ndani ya maji na mayungiyungi mpaka sehemu kubwa ya ziwa ikabaki tupu kwa miaka, na besi naye akawageuza kamba kuwa chakula chake. Juu ya hapo watu wakafyeka mafunjo ya ukingoni kwa ajili ya mashamba, na nyavu zikazidi. Ilipofika mwaka 2001, serikali ya Kenya ikafunga uvuvi kwenye ziwa zima kwa mwaka mmoja ili samaki wapumue. Baadaye samaki aliyevuliwa kwa wingi pale akawa kapu, mgeni mwingine tena.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana ni hapana. Kwanza kisheria: tunayo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009, na kuingiza samaki mgeni bila kibali ni kosa. Lakini hata kama sheria isingekuwepo. Lambo letu lina mto unaoingia na mto unaotoka. Ukimwaga besi leo, mvua za Machi zinamchukua mpaka kwa watu wa bondeni ambao hukuwauliza. Wajapani walimpeleka kwao mwaka 1925, na miaka 80 baadaye, mwaka 2005, wakapiga marufuku hata kumsafirisha akiwa hai, maana alishatapakaa. Na sisi Watanzania tunayo habari ya sangara Ziwa Victoria, sina haja ya kuirudia. Sangara alileta fedha, kweli, lakini muulize mzee wa Mwanza kuhusu furu.

(Kama shida yako ni perege kuzaliana kupita kiasi bwawani kwako wakabaki wadogo, dawa ipo na ni ya hapahapa: weka kambale wachache, na uwaweke wakiwa wadogo kuliko perege wako, la sivyo watakula na mbegu. Hilo nitaliandikia siku nyingine.)

Lakini kwenye ile video kuna kitu ambacho yule kijana hakukiona. Yule Mzungu alikuwa anavua kwenye majani. Majani yapo, samaki wapo, yeye ana fimbo moja na ndoano moja. Anatoa mmoja, wengine wanabaki. Ndicho ninachotaka kusema leo, na najua kuna watu watanuna.

Miaka minne iliyopita, nikiwa mgeni katika kata hii, kijiji kimoja kiliniita kutoa ushauri kuhusu lambo lao. Sikitaji jina, wenyewe wanajijua. Mimi diploma yangu ni ya kilimo. Chuoni samaki tulisoma kwa wiki chache tu, na kilichonibaki kichwani ni kwamba bwawa safi ni lile lisilo na majani: fyeka pembeni, ng'oa magugu, usimpe nyoka, chura na fisi maji mahali pa kujificha. Kwa bwawa la kufugia huo ni ushauri mzuri na nausema hadi leo. Nikawaambia hivyo hivyo kwa lambo. Wakanipigia makofi. Wiki ile ile vijana wakaingia na mapanga, wakakata matete upande wote wa kaskazini, wakayachoma, na sehemu nyingine wakaipiga jembe ikawa vinyungu.

Miezi mitatu baadaye nilipita nikakuta watu wanane wanavuta kokoro lililoshonwa kwa neti za mbu. Wanne upande huu, wanne upande ule, wanatembea kwenye maji ya magotini, mahali pale pale matete yalipokuwa. Walipolitoa, ndani kulikuwa na ndoo mbili na nusu za samaki, na nilipochota kiganjani nikaona kitu ambacho sijakisahau: wengi walikuwa wadogo kuliko kucha ya kidole gumba. Wengine walikuwa bado wanatoka kwenye mdomo wa mama zao.

Naomba nieleze hapo, kwa sababu wengi hatujui. Perege dume anachimba kiota kwenye maji mafupi, kama sahani chini ya matope. Jike anakuja, anataga, halafu anayameza mayai mdomoni, hayaendi tumboni. Anayalea humo humo mdomoni mpaka yanaanguliwa, na hata vifaranga vikianza kuogelea, vikiona hatari vinarudi mdomoni kwa mama. Kipindi hicho mama hali chakula, na kwa siku nyingi anashinda ukingoni kwenye majani ambako vifaranga vitapata pa kujificha. Ukipitisha neti hapo umechukua mama, umechukua watoto, na umekanyaga viota kwa miguu. Besi naye ana hadithi kama hiyo, ila kwake anayelinda kiota ni baba, akikaa juu ya mayai kwenye maji mafupi na kushambulia chochote kinachosogea. Baba akitolewa, samaki wengine wanakuja kula mayai. Kwa samaki wote hawa wawili, ukingo wenye majani ndiyo wodi ya wazazi.

Sasa sikilizeni vizuri. Sidai kwamba kufyeka peke yake ndiko kulikomaliza samaki wa lile lambo. Neti ndiyo iliyowamaliza. Lakini neti ilipitaje? Kabla hatujafyeka, hakuna mtu aliyeweza kuvuta kokoro upande ule. Lingenasa kwenye mashina, lingechanika, watu wangerudi nyumbani na matope. Matete yalikuwa yanalinda samaki bila mgambo, bila faini, bila kikao. Mtu aliyetaka samaki kwenye matete ilibidi aje na ndoano, na mwenye ndoano hawezi kumaliza lambo hata akikaa kutwa. Sisi, kwa ushauri wangu mimi, tulifungua mlango.

Mwaka uliofuata watoto walikuwa wanakaa pale kutoka mchana hadi jioni na kurudi na samaki wawili au mtupu. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga perege na kuuza njiani aliniuliza, "Mwanangu, mlituambia tusafishe, samaki wameenda wapi?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia ni baridi. Kwa kweli baridi ya huku kwetu inachangia, maji yakishuka chini ya nyuzi 20 perege anapunguza kula na kukua, na huku juu Juni na Julai maji yanashuka zaidi ya hapo. Lakini nilijua namdanganya. Baridi ilikuwepo miaka yote.

Basi, ndoano. Nimekuwa nikivua Jumapili baada ya misa kwa miaka mitatu sasa, kwanza ili nijifunze, halafu nikapenda. Niseme ninachokijua.

Fimbo ni mwanzi. Kwetu mianzi ipo ya kutosha, kata wa zamani ambao hautoi tena ulanzi, usije ukagombana na mwenye nao. Mshipi usiwe mrefu kuliko fimbo, maana kwenye matete hurushi, unadondosha. Ndoano iwe ndogo, mdomo wa perege ni mdogo, tusijidanganye na ile video. Kiboya nakata kwenye kandambili iliyochakaa, kipande cha ukubwa wa punje mbili za mahindi kinatosha. Chambo ni nyungunyungu, au donge la ugali uliochanganywa na pumba kidogo ili usilainike haraka.

Muda ni jambo ambalo watu wa kwenye joto watakupotosha. Wao wanakwambia alfajiri. Huku kwetu alfajiri maji ya ukingoni yamelala na baridi ya usiku na samaki wamekwenda kwenye kina. Subiri jua lipige. Kuanzia saa tano hivi mpaka saa tisa, maji mafupi yanapata joto kabla ya yale ya katikati, na perege wanasogea wenyewe kwenye majani kula na kuota jua. Siku ya mawingu na upepo, baki nyumbani upalilie viazi.

Ukifika, usikimbilie majini. Simama mbali kama hatua kumi, tazama. Tete moja likitikisika bila upepo, kuna samaki anagonga shina akila ule ute wa kijani. Tafuta upenyo kati ya matete, sehemu ya maji wazi ya ukubwa wa sinia. Kaa upande ambao kivuli chako hakiangukii majini. Tembea taratibu, samaki anasikia hatua zako kwenye udongo wa ukingo kuliko anavyosikia mazungumzo yako. Dondosha chambo kwenye ule upenyo, kiboya kisimame, nyamaza. Kikizama, usivute juu kama unang'oa muhogo. Vuta kwa ubavu, upande ulio wazi, na umtoe mara moja, kwa sababu akipata nafasi ya kuzunguka shina, mshipi umeisha na ndoano umeiacha.

Kambale ni habari nyingine. Yeye mtafute jua linapozama, chini ya mizizi na kwenye kingo zilizobonyea. Hapo ongeza ukubwa wa ndoano na mnofu wa chambo.

Na ukimpata jike wa perege, angalia koo. Ikiwa imevimba na akitema mayai ya rangi ya njano au vifaranga, mrudishe taratibu. Najua unacheka. Hata mimi nilicheka mara ya kwanza. Lakini mwenye kuku hachinji anayeatamia. Oktoba mpaka Februari, maji yakiwa ya vuguvugu, utawakuta wengi wa hivyo. Mimi miezi hiyo naacha kabisa kuvua kwenye matete, nakaa upande wa tuta ambako ni kina.

Sasa najua wanaonipinga watasema nini, maana wameshanipigia simu. Wazee wanasema matete yanaficha nyoka na fisi maji. Ni kweli, na fisi maji nimemuona kwa macho yangu. Akina mama wanasema hawaoni pa kukanyaga wakichota maji, na mtoto anaweza kuzama mtu asimuone. Hilo la mtoto ni zito, silipuuzi hata kidogo. Kwa hiyo sisemi lambo liwe pori. Ninachopendekeza ni tufungue sehemu mbili: moja ya ng'ombe, moja ya akina mama na watoto, zifyekwe vizuri ziwe safi na zionekane kutoka njiani. Ukingo mwingine wote ubaki na matete yake. Mwenye kuhitaji matete ya kuezekea au ya uzio akate juu ya maji kwa zamu, kipande kwa kipande, na asichome wala kung'oa mizizi.

Halafu kuna vinyungu, na hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo, tusizunguke. Wengi wanaotaka matete yafyekwe hawasumbuliwi na nyoka. Wanataka ule udongo mweusi wa ukingoni walime viazi na mboga kiangazi. Nawaelewa. Kinyungu ndiyo ada ya shule. Ila Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na mnajua kila mwaka mnakimbizana na watendaji kwa hilo. Mimi sitakuja na futi kamba. Lakini anayelima mpaka maji yanapogusa jembe ndiye huyo huyo anayepiga dawa ya ukungu wa viazi na kuosha bomba lambo likiwa hatua tatu nyuma yake. Yale matete angalau yangezuia udongo na sehemu ya hiyo dawa isiingie moja kwa moja. Ukiyatoa, hata neti haihitajiki tena.

Na neti zenyewe, jamani. Zile tulizopewa bure kwa ajili ya malaria zina dawa ya kuua mbu, na dawa ya aina ile ni sumu kali kwa samaki. Mtoto alale wapi kama neti iko lambo?

Mkutano ni mwezi ujao, tarehe atatangaza mwenyekiti. Kama matete yatafyekwa sasa kiangazi, Oktoba perege watakuja kutaga na kukuta ukingo mtupu. Nitakuwepo, na nitasema mbele ya watu kwamba ule ushauri wa miaka minne iliyopita ulikuwa wangu na ulikuwa mbaya. Yule kijana wa simu nimemwalika Jumapili saa tano, upande wa chini karibu na mti wa mkaratusi uliolala. Nimemwambia aje na mwanzi wake, ndoano nitampa mimi, na simu aiache mfukoni maana mwanga wake unamulika kwenye maji.